John Kirk: Daktari aliyefanya bustani yake ya Mbweni kuwa darasa la biashara

Na Mwandishi Wetu, Gando

UKIPITA Gando wakati wa msimu wa karafuu, pua hutangulia macho. Kila penye uwanja pametandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa, na mtu mzima au mtoto yuko karibu akiangalia mawingu. Mazungumzo ya barazani ni yale yale: bei ya kilo, malipo ya wachumaji, na kama mvua itasubiri.

Lakini zunguka nyuma ya nyumba. Hapo utakuta mdalasini mmoja, pilipili manga imepanda juu ya mti, mndimu, mchaichai na pengine mlangilangi aliopanda bibi wa nyumba hiyo zamani. Mwenyewe haiti bustani. Kwake bustani ni jambo la wenye nafasi, na pale ni nyuma ya nyumba tu.

Makala haya yanamhusu mtu ambaye angekitazama kipande hicho kwa heshima kubwa. Aliishi Zanzibar kwa miaka 20, akawa daktari, kisha balozi wa Uingereza, na jina lake limeingia katika vitabu vya historia kwa sababu ya mkataba wa kufunga soko la watumwa. Jambo linalosahaulika ni kwamba alikuwa mtu wa mimea, na kwamba bustani yake ya Mbweni, Unguja, ina somo kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo wa leo. Mtu huyo ni John Kirk.

Bustani si mapambo tu

Kila watu wana namna yao ya kupanga bustani, na mpangilio huo hueleza wanavyofikiri. Wajapani hupanga mawe, maji, changarawe na miti michache. Mjini Kyoto kuna bustani maarufu ya mawe 15, nayo imepangwa hivi kwamba aliyekaa barazani, popote atakapokaa, hayaoni yote kwa pamoja. Mafunzo yake ni subira na unyenyekevu, kwamba mtu hawezi kuona kila kitu kwa wakati mmoja. Wapangaji wa Kijapani pia hupenda kuazima mandhari: mlima ulio mbali huingizwa katika bustani kwa kuachiwa nafasi tu baina ya miti.

Waajemi na Waarabu wao walipenda bustani ya ndani ya ukuta, yenye maji na kivuli, mahali pa kupumzisha roho baada ya jua. Zanzibar iliijua bustani hiyo. Jumba la Sayyid Said pale Mtoni lilikuwa na uwanja wa ndani wenye michungwa, na tausi na paa wakitembea humo.

Bustani ya Kirk ilikuwa ya aina ya tatu. Ilikuwa bustani ya majaribio. Kila mmea uliingia humo ukiwa na swali: je, utaota katika udongo huu? Utazaa? Utastahimili kiangazi? Na ukizaa, nani atanunua? Hata hivyo kwa jambo moja ilifanana na ile ya Kyoto. Nayo ilimtaka mwenyewe akubali kwamba haoni yote, na kwamba jibu litakuja kwa wakati wake.

Kutoka Scotland hadi Zambezi

John Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba, 1832 huko Barry, Scotland, akiwa mtoto wa kasisi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1854. Wakati huo daktari alilazimika kuijua mimea vizuri, kwa kuwa dawa nyingi zilitoka kwenye magome, mizizi na majani. Kwa Kirk somo hilo likawa mapenzi ya maisha.

Wakati wa vita vya Crimea alihudumu katika hospitali iliyojengwa kwa ajili ya majeruhi nchini Uturuki, na nafasi ilipopatikana alikwenda kukusanya mimea ya huko. Mwaka 1858 alichaguliwa kwenda na David Livingstone katika msafara wa mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea. Kazi yake ilikuwa kutafuta mimea yenye faida ya kibiashara: pamba, mbao, nyuzi, dawa na mafuta.

Msafara ule ulikuwa wa taabu. Watu waliugua, wengine wakafariki, na viongozi wakagombana. Mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wa Kirk ulipinduka. Vitabu vyake vya kumbukumbu na michoro yake mingi ya mimea, kazi ya miaka, vilichukuliwa na maji. Kwa mtafiti hasara hiyo ni sawa na mkulima kuona mavuno yake yote yakisombwa na mafuriko yakiwa tayari ndani ya magunia.

Kirk hakuiacha kazi. Aliendelea kukusanya hadi aliporudi Uingereza mwaka 1863, na vielelezo vyake vilivyokaushwa vikapelekwa Kew, London, kwenye bustani kuu ya utafiti wa mimea ya Uingereza. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya joto, ambacho wataalamu wa Kew walianza kukitoa mwaka 1868, kilitegemea sana vielelezo hivyo.

Afika Unguja

Mwaka 1866 Kirk alikuja Zanzibar kama daktari wa ofisi ya Uingereza. Mwaka uliofuata alifunga ndoa hapa hapa na Helen Cooke. Alipanda cheo hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1873 alikuwa balozi mkuu wa nchi yake.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa soko kubwa. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara, karafuu zilitoka mashamba ya visiwani, na majahazi yalisubiri pepo za kaskazi na kusi. Kirk alitembea sokoni na bandarini akiuliza maswali ambayo maofisa wengine hawakuyauliza. Bidhaa hii inatoka kwenye mti gani? Mti huo unaota wapi? Nani anaijua kazi ya kuitoa?

Mfano mzuri ni sandarusi. Bidhaa hii ilisafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi, na iliyopendwa zaidi ilichimbwa ardhini katika pwani ya bara, mahali ambapo pengine hapakuonekana msandarusi hata mmoja. Kirk alilinganisha sandarusi ya kuchimbwa na ile inayotoka kwenye msandarusi ulio hai, akaonyesha kwamba ni utomvu wa mti wa aina ile ile, uliozikwa ardhini tangu enzi za misitu iliyokwisha toweka.

Kwa mfanyabiashara jambo hilo lina maana kubwa. Mali ya kuchimbwa ina mwisho, ila mti ulio hai unaweza kupandwa.

Mtambaa wa mpira

Mfano wa pili ni mpira. Katika misitu ya pwani Kirk aliutambua mtambaa unaotoa utomvu mzuri wa mpira. Wataalamu wa Kew waliupa jina la Kilatini la Landolphia kirkii kwa heshima yake. Mtambaa huo ni wa ukoo mmoja na mbungo, ambao sote tunayajua matunda yake na juisi yake.

Habari ilipoenea, biashara ya mpira wa porini ikakua haraka katika miaka ya 1870 na 1880. Watu waliingia msituni, wakauchanja mtambaa na kukusanya utomvu. Fedha ilionekana upesi. Lakini wapo waliokata mtambaa mzima ili wapate utomvu wote kwa siku moja, na mtambaa uliokatwa haumngojei mtu msimu ujao.

Wakati huo huo, upande mwingine wa dunia, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea. Mwaka 1876 mbegu za mti wa mpira wa Brazil zilifikishwa Kew, zikaatikwa, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Singapore. Ilichukua miaka mingi. Lakini kufikia miaka ya 1913 na 1914 mpira wa mashambani wa Asia ulikuwa umeupita ule wa porini kwa wingi, bei ikashuka, na waokotaji wa msituni Afrika na Brazil wakaachwa na soko.

Aliyeatika alimshinda aliyeokota. Kirk aliziona biashara zote mbili zikianza, na bustani ya Mbweni ilikuwa upande wa aliyeatika.

Tufani ya 1872

Tarehe 15 Aprili, 1872 Zanzibar ilipigwa na tufani ambayo kizazi kile hakijaiona. Majahazi na meli bandarini zilizama au kutupwa pwani, na nyumba zikabomoka. Hasara kubwa kuliko zote ilikuwa mashambani. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka kwa siku moja.

Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo historia ya Gando na vijiji vyote vya kisiwa hiki ilipogeuka. Bei ya karafuu ilipanda, wenye mitaji wakaigeukia Pemba, na kisiwa hiki kikawa mzalishaji mkuu wa karafuu za Zanzibar hadi leo.

Faida hiyo ilikuwa na upande wa giza. Mashamba mapya yalihitaji watu wa kulima, kupalilia na kuchuma, na watu hao walikuwa watumwa. Tarehe 5 Juni, 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Kirk ndiye aliyemsukuma hadi mwisho, na nyuma yake palikuwa na tishio la manowari za Uingereza kuzuia bandari. Hata baada ya hapo, majahazi yaliendelea kuvusha watu usiku kuja Pemba, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi mwaka 1897.

Haifai kumfanya Kirk malaika. Alikuwa mtumishi wa dola iliyotafuta maslahi yake, na karibu kila alichokigundua kilipelekwa kwanza London. Lakini hoja yake ya kiuchumi ilikuwa ya kweli: nchi inayotaka kuachana na biashara ya watu lazima ipate mazao na bidhaa nyingine za kuuza. Na mazao hayo lazima mtu ayajaribu mahali fulani kwanza.

Kazi ya Mbweni

Mahali hapo palikuwa Mbweni, kusini mwa mji, juu ya bahari. Jirani yake, wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani pamoja na skuli ya wasichana. Kirk alikuwa na nyumba hapo, na kuizunguka nyumba hiyo akafanya bustani.

Alipokea mbegu na miche kutoka Kew na nchi nyingine za joto, naye akapeleka huko mimea ya pwani yetu. Kwa hiyo bustani ilikuwa na njia mbili, kama bandari. Ilikuwamo mimea ya matunda, ya mbao, ya dawa na ya maua.

Mtu asiyeijua kazi hii hudhani majaribio ni kupanda tu na kungoja. Sivyo. Mbegu iliyosafiri wiki nyingi melini hufika dhaifu, pengine imeoza. Huatikwa kivulini, humwagiliwa kwa kiasi, kisha mche huzoeshwa jua kidogo kidogo. Unaopenda unyevu hupelekwa bondeni, unaostahimili chumvi na upepo huwekwa upande wa bahari. Tarehe huandikwa. Unaokufa pia huandikwa, kwa sababu mche uliokufa umetoa jibu, na jibu hilo humwokoa mwenzako asitie fedha yake mahali pabaya.

Huo ndio mpango wa bustani ya majaribio, na falsafa yake ni hiyo hiyo: hasara ndogo ndani ya ua ili kuepuka hasara kubwa shambani.

Ua lililobeba jina la Sultani

Katika mimea aliyoituma Kew palikuwa na ua dogo linalopenda kivuli, lenye shina laini la majimaji. Mwaka 1882 lilichapishwa kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Wataalamu wa leo wanalijua kwa jina la Impatiens walleriana, na ni miongoni mwa maua ya bustani yanayouzwa zaidi duniani. Kila mwaka Ulaya na Marekani huuzwa miche yake kwa mamilioni.

Mwaka 1884 Kirk alikusanya pia urujuani wa Afrika, ua la miamba yenye kivuli ya pwani na milima ya huku kwetu. Vielelezo vyake havikutosha kulieleza kikamilifu. Miaka minane baadaye ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na jina la Kilatini, Saintpaulia, likatokana na lake. Nalo likawa ua la chungu linalopamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Msomaji ajiulize: faida ya maua haya mawili imekwenda wapi? Imekwenda kwa walioyaatika, wakayachagua, wakayazalisha kwa rangi mpya na kuyatia sokoni. Wenyeji waliomwonyesha Kirk mimea mingi, na waliobeba ndoo za maji kule Mbweni, hawamo katika majina ya Kilatini wala katika hesabu za faida.

Lakini tusilie sana, maana karafuu yenyewe ilikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliihodhi kwa ukali mkubwa. Wafaransa waliitoa miche huko mwaka 1770 na kuipeleka Mauritius, na mnamo mwaka 1818 ikafika Unguja. Baadaye Sayyid Said alilazimisha wenye mashamba kuipanda. Utajiri wote wa Pemba ulianza na mche uliojaribiwa ugenini.

Na mzunguko haukuishia hapo. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Waindonesia wakapanda mikarafuu kwa wingi, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wanajitosheleza. Bei ikaporomoka. Wazee wa Gando hawahitaji kusimuliwa miaka ile; waliiishi.

Siasa zilivunjika, miti ikabaki

Maisha ya kisiasa ya Kirk yalimalizika kwa uchungu. Alijenga urafiki na Sultani Barghash, wakasafiri pamoja London mwaka 1875, na aliamini Zanzibar itaendelea kuitawala pwani ya bara. Mwaka 1885 Wajerumani walidai maeneo ya bara, na mwezi wa Agosti manowari zao ziliingia bandarini. Serikali ya London haikutaka ugomvi na Ujerumani. Kirk aliagizwa amshauri Sultani akubali, naye akafanya kazi hiyo ya kumvunja moyo rafiki yake.

Aliondoka Zanzibar mwaka 1886. Barghash alifariki mwaka 1888. Nyumba ya Mbweni ilikuja kuwa makazi ya Caroline Thackeray, mwalimu wa skuli ya wasichana ya hapo. Kirk aliishi miaka mingi Uingereza, akashiriki katika mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 kuhusu kukomesha biashara ya watumwa, na akafariki Sevenoaks tarehe 15 Januari, 1922 akiwa na umri wa miaka 89.

Himaya aliyojaribu kuilinda iligawanywa akiwa hai. Jina lake, lakini, limebaki kwenye mtambaa wa mpira, kwenye kima punju wa Unguja, na kwenye mimea mingine ya nchi hizi.

Somo kwa Gando

Mkulima wa Gando hahitaji kuwa balozi ili afanye alichokifanya Kirk. Mahitaji ni machache.

Kwanza, kipande kile cha nyuma ya nyumba kihesabiwe kuwa mali. Pilipili manga inayopanda juu ya mti mmoja inaweza kutoa vipando vya miti 20. Mdalasini ukikatwa vizuri huchipua tena. Ukijua ni mti gani uani kwako unaozaa kuliko wenzake, umeshajua mbegu yako ya kesho.

Pili, daftari. Andika siku ya kuatika, siku ya kupanda, ulichotia na ulichovuna. Daftari la shilingi chache hukumbuka zaidi ya vichwa vitatu. Na kumbuka mtumbwi wa Kirk: daftari likiwa na mwenziwe nyumba ya pili, mvua ikivujia moja, lingine lipo.

Tatu, kitalu. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vizuri. Anayengoja mikarafuu ya babu ife ndipo aatike, atakaa miaka hiyo yote akitazama mawingu bila ya kuwa na kitu jamvini. Mwenye miche ya ziada, naye, ameshapata bidhaa ya kumuuzia jirani.

Nne, zao moja lisibebe nyumba nzima. Wenye mashamba wa Unguja walilala matajiri tarehe 14 Aprili, 1872, na siku ya pili mikarafuu yao ilikuwa chini. Safari ile upepo uliipita Pemba. Hakuna aliyepewa hati kwamba utaipita tena.

Karafuu itabaki kuwa karafuu, na Gando itaendelea kunukia. Lakini jioni, majamvi yakishakunjwa, zunguka nyuma ya nyumba ukaitazame ile pilipili manga ya bibi. Ikiwa imezaa vizuri mwaka huu, kata vipando vyake kabla mvua hazijakwisha.